Kizingiti cha Kelele: Historia Fupi ya Kunasa Mipigo ya Niuroni

Walionizoea wanajua mambo yangu ni seva, simu na programu huria. Leo naomba tutoke nje ya mtaa wetu kidogo, tuingie ndani ya fuvu la kichwa. Msiogope, sitawageuza madaktari. Mimi mwenyewe nilisomea sayansi ya tarakilishi, si udaktari, na kilichonivuta huku ni swali ambalo kila mwandishi wa programu analijua: umepewa mstari mrefu wa namba, nyingi ni makapi na chache ni nafaka. Utapepeta vipi?

Namba zenyewe zatoka wapi? Chukua waya mwembamba kuliko unywele, uufunike wote kwa kitu kisichopitisha umeme isipokuwa ncha yake, kisha uuingize ndani ya ubongo wa panya. Waya huo huitwa elektrodi. Seli za neva, yaani niuroni, huzungumza kwa umeme. Kila inapozungumza, niuroni hutoa mpigo mmoja mfupi, unaodumu kama milisekunde moja hivi. Elektrodi ikiwa karibu, mpigo huo huonekana kama volti iliyoshuka ghafla ikapanda tena, na ukubwa wake ni makumi kadhaa hadi mamia machache ya mikrovolti. Mikrovolti ni sehemu moja kati ya milioni ya volti, na betri ndogo ya rimoti ina volti 1.5, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe. Volti hiyo hupimwa mara 30,000 kwa sekunde na kuandikwa kwenye faili. Kazi inayobaki ni yetu sisi watu wa programu: chuja, tafuta mipigo, kata kila mpigo pamoja na umbo la wimbi lake, kisha amua ni wa niuroni gani.

Ukiisema hivyo inaonekana ni kazi ya mistari 20 ya msimbo. Lakini imechukua zaidi ya miaka 150 kufika hapo, na katika kila hatua kuna mtu aliyelazimika kuamua ni kipi kiitwe ishara na ni kipi kiitwe kelele. Uamuzi huo ndio hadithi yangu ya leo.

GURUDUMU LA BERNSTEIN

Mwaka 1850 Mjerumani Hermann von Helmholtz alipima kasi ya ishara kwenye neva ya chura akapata takriban mita 27 kwa sekunde. Lilikuwa jambo la ajabu, kwa sababu wakubwa wa sayansi wa wakati huo, akiwemo mwalimu wake Johannes Müller, waliamini kwamba kasi hiyo haingeweza kupimika. Sasa kasi ikawa imejulikana. Umbo je? Mpigo huo, ukiuchora kwenye karatasi, ungefanana na nini?

Hapo palikuwa na shida. Kipimo cha umeme cha siku hizo, galvanomita, kilikuwa na sindano nzito. Mpigo wa neva ulikuwa umekwisha kabla sindano haijafikiria kusogea. Mwaka 1868 Julius Bernstein alipata ufumbuzi ambao mimi binafsi nikiusoma huvua kofia. Alitengeneza gurudumu linalozunguka. Kila mzunguko, gurudumu lilifanya mambo mawili: kwanza liliishtua neva kwa umeme, kisha, baada ya muda mfupi aliouchagua yeye, liliiunganisha galvanomita na neva kwa sehemu ndogo tu ya milisekunde. Gurudumu likizunguka mara nyingi, sindano ililimbikiza vipande vidogo vilivyochotwa kwenye nukta ileile ya wimbi, ikatulia kwenye thamani moja. Aliiandika. Kisha akaongeza muda kidogo, akarudia. Nukta moja baada ya nyingine, haba na haba, umbo la wimbi likajitokeza.

Msomaji unayejua mambo ya dijitali umeshaona kilichofanyika. Huyu bwana alikuwa anachukua sampuli, miongo mingi kabla ya tarakilishi ya kwanza kuzaliwa! Ila mbinu yake ilikuwa na sharti moja kubwa: mpigo lazima ujirudie kwa amri yako. Unashtua, unapima, unashtua, unapima. Niuroni ndani ya ubongo hazipokei amri yako. Hupiga zinapotaka. Kunasa mpigo usiojua utakuja lini ni kazi nyingine kabisa.

SIKIO KABLA YA PROGRAMU

Mlango ulifunguliwa na vali za redio. Mwaka 1922 Joseph Erlanger na Herbert Gasser, kule Washington University, St. Louis, waliunganisha kikuzaji cha vali na mrija wa miale ya kathodi, aina ya kioo tulichokuja kukijua baadaye kwenye televisheni. Mwale wa elektroni hauna uzito wa sindano, kwa hiyo uliweza kuufuata mpigo wa neva ulivyo. Wawili hao walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1944.

Huko Cambridge, Uingereza, Edgar Adrian alichukua kikuzaji cha namna hiyo na mwaka 1926, pamoja na Msweden Yngve Zotterman, akafanya jambo ambalo halijawahi kufanyika. Walichukua msuli wa chura wakaupunguza kipande kwa kipande mpaka ikabaki njia moja tu ya hisia inayopeleka habari. Kisha wakauvuta msuli kwa uzito. Walichokiona ni mipigo ya niuroni moja, na yote ilikuwa na ukubwa uleule. Uzito ukiongezwa, mipigo haikuwa mikubwa zaidi. Ilikuja kwa kasi zaidi.

Naomba usimame hapa kidogo kwa sababu kila kitu kinachofuata kinasimama juu ya jambo hili. Ikiwa niuroni moja hupiga mipigo inayofanana, basi habari haimo ndani ya umbo la mpigo. Imo katika wakati: ulipiga lini, na mara ngapi. Basi umbo lina faida gani? Umbo ni kitambulisho. Waya mmoja ukisikia niuroni tatu kwa pamoja, kila moja iko umbali wake na upande wake, kwa hiyo kila moja huacha umbo lake kwenye waya. Umbo hukuambia nani amesema. Wakati hukuambia amesema nini.

Adrian pia alikuwa na mazoea ya kuunganisha kikuzaji na spika. Kuna kisa kinachojulikana sana: alikuwa ameweka elektrodi kwenye neva ya jicho la chura, chumba kikiwa karibu giza, na spika ikawa inatoa kelele za mfululizo. Alipotembea chumbani ndipo akagundua kwamba kelele zinafuata nyendo zake. Yeye ndiye aliyekuwa akionekana na jicho la chura!

Kwa miaka mingi sikio la binadamu ndilo lililokuwa algoriti. Mwaka 1957 David Hubel alichapisha namna ya kutengeneza elektrodi ya tungsteni, kali na imara, ambayo ingeweza kupenya ubongo wa paka aliye macho. Mwaka uliofuata yeye na Torsten Wiesel, wakiwa Johns Hopkins, walikuwa wanamwonyesha paka nukta kwenye skrini bila kupata kitu cha maana. Wakati wa kubadilisha kipande cha kioo kwenye projekta, ukingo wa kioo ulipitisha kivuli cha mstari mbele ya macho ya paka, na spika ikalipuka kama bunduki ya rashasha. Ndivyo ilivyogunduliwa kwamba niuroni nyingi za sehemu ile ya ubongo hupenda mistari iliyoelekea upande fulani. Tuzo ya Nobel ilifuata mwaka 1981. Fikiria: kama kwenye kile chumba kungekuwa na mashine inayohesabu tu, isiyo na sikio la kushtuka, pengine ugunduzi ungewapita hivihivi.

MWANAFUNZI NA NGISI

Hata hivyo sikio huchoka, na haliandiki namba. Palihitajika kifaa cha kusema "ndiyo, huu ni mpigo" au "hapana, hii ni kelele tu". Na hapa kuna kipande cha historia ambacho naona wengi wetu tunaotumia vifaa vya elektroniki hatukijui.

Palepale Washington University, miaka ya 1930, mwanafunzi aitwaye Otto Schmitt alikuwa akisomea neva za ngisi. Neva ina tabia ya pekee: ukiisukuma kidogo haijibu, ukivuka kiwango fulani hujibu kikamilifu. Hakuna nusu nusu. Schmitt alitengeneza saketi ya vali yenye tabia hiyo, akaichapisha mwaka 1938. Saketi yake haina kizingiti kimoja bali viwili. Ishara ikivuka kile cha juu, saketi huwaka. Haizimi mpaka ishara ishuke chini ya kile cha pili. Hivyo kelele ndogo zinazotetema karibu na kizingiti haziwezi kuiwasha na kuizima mara mia.

Leo saketi ya Schmitt imejaa kila mahali. Ukiunganisha kitufe kwenye bodi ya Arduino, pini inayosoma kitufe hicho ina mtindo wa Schmitt ndani yake. Kwa maneno mengine, kabla tarakilishi hazijasaidia kusoma neva, neva ilikuwa imeshawafundisha watu wa elektroniki namna ya kuamua kati ya moja na sufuri. Deni ni la pande zote mbili.

PAKA ALIPOKUTANA NA TARAKILISHI

Mwaka 1962, Wesley Clark na Charles Molnar wa MIT walileta mashine yao iitwayo LINC katika taasisi ya afya ya taifa ya Marekani. Zoezi lake la kwanza huko lilikuwa kuchambua umeme wa ubongo wa paka aliyekuwa akisikilizishwa sauti. Wakati huo tarakilishi ilikuwa kitu cha kufungiwa chumbani na kuhudumiwa na makuhani wake. Mtafiti alipeleka kadi zake na kusubiri. LINC ilikaa maabara, ikasoma ishara moja kwa moja, na mtafiti aliiendesha mwenyewe huku akitazama kioo. Wapo wanaoihesabu kuwa babu wa tarakilishi binafsi. Mwaka 1965 mwanaprogramu Mary Allen Wilkes alikuwa nayo nyumbani kwa wazazi wake Baltimore, akiiandikia programu. Ndiyo, kufanyia kazi nyumbani si jambo la juzi.

Kumbukumbu ya LINC ilikuwa maneno 2,048 tu ya biti 12. Kwa kasi ya leo ya sampuli 30,000 kwa sekunde, ingejaa kabla hujapepesa jicho. Kwa hiyo hapakuwa na swali la kuhifadhi kila kitu. Ilikuwa lazima uamue papo hapo ni nini cha kuweka na nini cha kutupa. Mwaka 1964 George Gerstein na mwenzake walichapisha njia ya kutumia tarakilishi kutenganisha mipigo ya niuroni kadhaa zilizosikika kwenye elektrodi moja, kwa kulinganisha maumbo ya mawimbi. Kazi hiyo ndiyo inayohesabiwa miongoni mwa chimbuko la fani nzima ya kupanga mipigo kwa programu.

Wazo la kukata kipande lina akili ya kiuchumi ndani yake. Tuseme niuroni inapiga mara 10 kwa sekunde, na kwa kila mpigo unahifadhi sampuli 48, yaani milisekunde 1.6. Hizo ni sampuli 480 kati ya 30,000. Umehifadhi asilimia 1.6 na kutupa asilimia 98.4. Ni biashara nzuri, mradi tu uwe na hakika na ulichotupa.

CHUJIO HUACHA ALAMA ZAKE

Kabla ya kukata lazima kuchuja. Rekodi ghafi ina mawimbi makubwa ya polepole yanayotoka kwenye maelfu ya niuroni kwa pamoja, ina mtikisiko wa mnyama anayepumua, na ina mvumo wa umeme wa ukutani, mara 50 kwa sekunde hapa kwetu na mara 60 Marekani. Mipigo yetu midogo hupanda juu ya hayo yote kama mashua kwenye mawimbi ya bahari. Desturi ni kuruhusu masafa kati ya hezi 300 na hezi 3,000 au 6,000, na kuzuia mengine. Chujio linalotumika sana lina jina la Mwingereza Stephen Butterworth, aliyechapisha nadharia yake mwaka 1930 bila shaka akiwaza mambo mengine kabisa.

Sasa sikiliza vizuri. Chujio la kawaida, linalofanya kazi huku data ikiingia, huchelewesha masafa tofauti kwa viwango tofauti. Mpigo ulioingia na bonde moja kali unaweza kutoka na bonde hilo limebadilika, na pembeni pameota kilima ambacho niuroni haikukitoa. Mwaka 2009 Rodrigo Quian Quiroga aliandika makala akiuliza umbo halisi la mpigo ni lipi, akaonyesha jinsi machujio ya aina hii yanavyoweza kulipotosha. Hili si jambo la kunung'unikia tu. Tangu mwaka 1969, kundi la Vernon Mountcastle liliporipoti mipigo myembamba na mipana, watafiti wamekuwa wakitumia upana wa mpigo kukisia aina ya niuroni: myembamba mara nyingi ni ya niuroni zinazozuia wenzake. Ikiwa chujio ndilo lililobadilisha umbo, basi utakuwa umempa mtu kabila kwa sababu ya miwani uliyovaa wewe.

Dawa ipo. Kama data imeshahifadhiwa, unaichuja kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha unaigeuza na kuichuja tena kutoka mwisho hadi mwanzo. Ucheleweshaji wa safari ya kwenda unafutwa na safari ya kurudi. Lakini dawa hii inahitaji data ghafi. Ukiwa umehifadhi vile vipande 48 tu, huna tena cha kugeuza.

MEDIANI NA TAJIRI WA KIBANDANI

Baada ya kuchuja unaweka kizingiti: chochote kinachovuka ni mpigo. Kiwekwe wapi? Kwa miaka mingi mtafiti alikaa mbele ya kioo na kukisogeza kwa mkono mpaka moyo wake uridhike. Mwingine akija kesho ataridhika penginepo.

Njia ya kihesabu ni kupima kelele imetawanyika kiasi gani, kipimo kinachoitwa mkengeuko sanifu, kisha kuzidisha. Hebu tuone hesabu. Ukiweka kizingiti kwenye mara 3, na kelele ikiwa ya kawaida ya kitakwimu, karibu sampuli 40 kwa sekunde zitavuka bila kuwa mipigo. Ukiweka mara 4, ni kama moja kwa sekunde. Ukiweka mara 5, ni kama moja kila dakika mbili. (Sampuli jirani hufanana baada ya kuchujwa, kwa hiyo hesabu hizi ni za kukadiria, ila mwelekeo ndio huo.) Tofauti kati ya 3 na 5 ni ndogo kwenye karatasi, lakini ni mbingu na ardhi kwenye matokeo.

Kuna mtego mwingine. Mkengeuko sanifu unapimwa kwenye data iliyo na mipigo tayari ndani yake. Niuroni ikipiga sana, mipigo mikubwa inaongeza kipimo cha kelele, kizingiti kinapanda, na mipigo midogo inapotea. Niuroni mwenye sauti kubwa anawanyamazisha wengine! Mwaka 2004 Quian Quiroga, Zoltan Nadasdy na Yoram Ben-Shaul walipendekeza dawa rahisi: chukua ukubwa wa kila sampuli bila kujali alama ya kutoa, tafuta mediani yake, gawa kwa 0.6745, zidisha kwa 4.

Kwa nini mediani? Fikiria mko watu kumi kwenye kibanda cha chai, kila mmoja na shilingi mia mbili mfukoni. Anaingia tajiri mwenye milioni kumi. Ghafla wastani wa kibanda unavuka laki tisa kwa kila mtu, ilhali hakuna aliyeongezewa hata ndururu. Mediani je? Bado ni mia mbili. Haitishwi na tajiri. Na hiyo 0.6745 si uchawi: ndiyo mediani ya ukubwa wa kelele ya kawaida, bila kujali alama ya kutoa, pale mkengeuko wake ukiwa 1.

Matunda yalionekana haraka. Mwaka 2005 Quian Quiroga, Itzhak Fried na wenzao walichapisha matokeo kutoka kwa wagonjwa wa kifafa waliokuwa wamewekewa elektrodi kwa ajili ya matibabu yao. Walipata niuroni zilizojibu mtu mmoja maalumu. Moja, iliyopata umaarufu duniani, ilijibu picha mbalimbali za mwigizaji Jennifer Aniston na kunyamaza kwa karibu picha nyingine zote. Niuroni ya namna hii haipigi kelele siku nzima. Hupiga mara chache, kwa sababu maalumu. Kwa mtafiti aliyezoea kutafuta zile zenye makelele, ingekuwa haipo.

KUPIMA WAPIMAJI

Mara nyingi hujui jibu sahihi, kwa hiyo utajuaje programu yako inasema kweli? Kwanza watu walijaribu kuongeza masikio. Mwaka 1983 Bruce McNaughton, John O'Keefe na Carol Barnes walisuka waya mbili pamoja. Kufikia mwaka 1993 zilikuwa nne. Niuroni mbili zinaweza kufanana kwenye waya mmoja, lakini ni vigumu zifanane kwenye waya nne zote. Ni kama unavyojua matatu inatoka upande gani kwa sababu una masikio mawili.

Kisha mwaka 2000 kundi la György Buzsáki kule Rutgers lilitoa mtihani wenye majibu. Liliweka waya nne nje ya niuroni za panya, na papo hapo sindano ya kioo ndani ya niuroni moja jirani. Sindano ya ndani haidanganyiki. Kila mpigo wa niuroni ile huonekana wazi. Binadamu wenye uzoefu walipopanga mipigo kwa mkono wakitazama rekodi za nje tu, makosa yao yalikuwa popote kati ya asilimia 0 na 30. Sehemu ya data hiyo iliwekwa wazi kwa kila mtu, na nimeipakua hapa Nairobi nikaipitisha kwenye programu huria bila kuomba ruhusa ya yeyote. Kuona mpigo wa ndani na mpigo wa nje vikisimama kwenye sekunde moja, halafu kuona mpigo mwingine wa ndani ambao nje yake pana kelele tu, kumenifunza zaidi ya vitabu vingi.

Kundi hilohilo lilikadiria kwamba katika hipokampasi ya panya, ndani ya mikromita 140 kutoka kwenye ncha ya elektrodi pana niuroni kama 1,000, na ndani ya mikromita 50 pana kama 100. Programu nyingi hutenganisha chache tu kwa kila elektrodi. Wengine wako wapi? Baadhi wako mbali, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Lakini baadhi wako karibu ila hupiga kwa nadra. Mwaka 2006 Shy Shoham na wenzake waliuliza kama ubongo una niuroni nyingi za gizani ambazo njia zetu haziwezi kuziona. Swali hilo halijafungwa.

KIZINGITI NDANI YA MTU

Mpaka hapa ungeweza kusema haya ni mambo ya panya na maprofesa. Mwaka 2004 yaliacha kuwa hivyo. Matthew Nagle, kijana wa Massachusetts aliyepooza baada ya kuchomwa kisu mwaka 2001, aliwekewa kwenye ubongo kidude cha milimita 4 kwa 4 chenye sindano 96 zinazosoma. Alifikiria kusogeza mkono; programu ikanasa mipigo, ikaibadili kuwa mwendo wa kielekezi kwenye kioo. Alifungua barua pepe, akaongoza televisheni. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Nagle alifariki mwaka 2007. Kwake yeye kizingiti hakikuwa mstari kwenye mchoro. Kilikuwa tofauti kati ya kusikika na kutosikika.

Upande wa maabara, wingi wa data umekuwa gharika. Kifaa cha Neuropixels kilichotangazwa mwaka 2017 husoma chaneli 384 kwa pamoja. Zidisha kwa sampuli 30,000 na baiti 2: megabaiti 23 kwa sekunde, gigabaiti 83 kwa saa. Hakuna binadamu anayeweza kuitazama, ndiyo maana programu kama Kilosort, iliyotoka mwaka 2016, hufanya kazi hiyo kwa kadi za michoro zilezile za michezo ya video. Angalau hapo data ghafi hubaki kwenye diski, na mtu mwingine anaweza kuirudia.

Ndani ya fuvu la binadamu hali ni tofauti. Mwaka 2024 kampuni ya Neuralink iliweka kifaa chake kwa mtu wa kwanza: elektrodi 1,024 kwenye nyuzi 64, bila waya wa kutoka nje. Tuseme kila elektrodi inatoa sampuli 20,000 za biti 10 kwa sekunde. Hizo ni zaidi ya megabiti 200, mzigo ambao Bluetooth haiwezi kuubeba. Kwa hiyo mipigo lazima inaswe mlemle ndani, na rekodi ghafi haitoki. Baadhi ya nyuzi ziliporudi nyuma kutoka kwenye ubongo, kampuni ilisema ilibadilisha algoriti ya kusoma ishara ili iwe nyepesi zaidi kuhisi, na uwezo wa mgonjwa ukarudi juu. Nimefurahi kwa niaba yake, kwa dhati. Lakini ona tulipofika: tumerudi kwenye LINC ya mwaka 1962, kumbukumbu ndogo, amua sasa, tupa kilichobaki. Tofauti ni kwamba mara hii maabara ni kichwa cha mtu.

Mimi ni mtu wa programu huria, kwa hiyo mtanisamehe nikimaliza na swali la kwetu. Katika maabara, mtafiti mwenzako anaweza kufungua faili, kubadilisha 4 iwe 3.5, na kuona ni niuroni zipi zimefufuka. Ukurasa mzima wa historia niliowasimulia ulisonga mbele kwa njia hiyo: mtu kurudia data ya mwenzake na kusema, hapa chujio lilikudanganya. Mgonjwa mwenye kifaa kichwani hana faili hiyo, na mara nyingi hana msimbo. Ikiwa uamuzi wa kipi ni ishara na kipi ni kelele unafanyika ndani ya fuvu lake, kwa kizingiti alichowekewa na mtu mwingine, nani ana haki ya kukisoma kizingiti hicho?

Mimi nasema wa kwanza ni yeye mwenye kichwa. Wewe wasemaje?